Chaneli Yenye Mwenyewe

Asubuhi hiyo Chiriku aliweka kikombe cha chai mezani, akamtazama baba yake, akasema, "Mwambie huyo, kitambaa hakitoshi. Mimi siwezi kumshonea mtu suruali ya hewa."

Baba yake alicheka mpaka chai ikampalia. Maneno yalikuwa ya mtu mzima, tena mtu mzima aliyechoka kubishana, na hapo yalikuwa yametoka kwa mtoto wa miaka sita mwenye makombo ya mkate kidevuni. Lakini mtoto huyo hakuitwa Chiriku bure. Tangu alipojua kusema hakuwahi kuupumzisha mdomo. Alizungumza na viatu, alizungumza na sufuria, na akilazwa kitandani alitoa swali moja la mwisho lisilo na jibu, kama vile kwa nini samaki hawafumbi macho, kisha akalala yeye na kuwaachia wazazi kazi ya kuwaza. Mama yake alizoea kusema kwamba ukimsikia Chiriku kanyamaza, basi nenda kaangalie sukari.

"Umeyasikia wapi hayo, mama?" baba alimuuliza mtoto.

Chiriku akamtazama kama mtu aliyeamshwa. "Yapi?"

Mama yake hakucheka. Yeye ni muuguzi, amezoea kutazama watu, na alikuwa ameona kwamba wakati mtoto anasema maneno yale macho yake hayakupepesa hata mara moja. Tena alisikia harufu. Ilikuwa harufu ya waya unaoungua, juu yake harufu ya vumbi lililopigwa na mvua, na nje jua lilikuwa linawaka.

Kabla ya mchana baba alikwenda kwa mshonaji, nyumba ya tatu kutoka kwao, kunyoosha antena iliyopinda. Mtaa mzima ulimwita Antena yeye mwenyewe, kwa urefu wake na wembamba wake na kwa kazi yake. Alimkuta mshonaji anagombana na kitambaa.

"Antena, kuna watu hawana haya," mshonaji alisema. "Asubuhi mteja kaniletea kipande kama leso, anataka suruali. Nikamtumia mdogo wangu ujumbe wa sauti, nikamwambia, mwambie huyo, kitambaa hakitoshi. Mimi siwezi kumshonea mtu suruali ya hewa."

Antena alikuwa ameshapanda ngazi nusu. Alishuka polepole, akaketi kwenye kipago cha chini, akasema amesikia kizunguzungu kidogo.

Inafaa ijulikane mtaa ule ulivyokuwa. Ulikaa bondeni, nyumba zimebanana kama meno, na simu zilikuwa hazishiki mpaka mtu apande juu ya paa na kunyoosha mkono kama anayeomba mvua. Waya wa mtandao uliishia kilimani, kwenye kliniki alikofanya kazi mama Chiriku. Ni Antena aliyepata wazo la kuweka sanduku dogo juu ya kila paa. Sanduku hupokea neno kutoka paa la jirani, hulipeleka paa linalofuata, na hilo hulipeleka mbele, hadi neno lifike kilimani. Sanduku moja likizimika, mengine hayamngoji mtu. Hutafuta njia nyingine yenyewe na kuzunguka. Antena alipenda kujigamba kwa hilo. "Mtandao wangu haufi," alisema. "Ukiukata miguu, utatambaa."

Tatizo lilikuwa chaneli. Masanduku mawili yaliyo karibu yakisemea chaneli moja kwa wakati mmoja, hakuna linalosikika, kama majirani wawili wanaogombana dirishani. Kwa hiyo lazima kila paa lipewe chaneli ambayo jirani yake hana, na chaneli zilikuwa chache na mapaa mengi. Antena alizipanga na kuzipangua mpaka zikamwishia. Ilibaki moja tu, safi kabisa, haina mtu.

Hiyo ilikuwa na sharti. Walioyatengeneza masanduku waliyafundisha kwamba kabla ya kuingia chaneli hiyo lazima yakae kimya dakika nzima na kusikiliza. Yakisikia mwenyewe yupo, yaondoke mara moja na kutafuta pengine. Vitabu vilisema mwenyewe ni mitambo ya kutazamia ndege na mawingu. Antena alipomweleza mkewe alisema, "Ni kama kupiga hodi tu."

Basi kila alipoyaweka masanduku kwenye chaneli ile, yalisikiliza dakika yao, yakasikia kitu, yakaondoka. Na pande zile hakukuwa na uwanja wa ndege wala kituo cha hali ya hewa, hata kwa mwendo wa siku nzima. Antena akaona mashine zinaogopa kivuli chao. Siku moja majirani walipomjia juu kwamba mtandao unakwenda kwa magongo, alikaa mbele ya kompyuta yake, akaifuta ile dakika ya kusikiliza kwenye kila sanduku, na kuyaingiza mapaa yote yaliyokosa nafasi kwenye chaneli tupu. Mtandao ukaenda kama maji. Watu wakamsifu njiani. Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani huwakumbuka wahenga wakati anasifiwa?

Na huyu ndiye baba aliyekuwa mkali kwa mwanawe juu ya adabu ya mlangoni. "Piga hodi, usimame, ungoje," alimfundisha Chiriku. "Hata mlango ukiwa wazi, usiingie mpaka usikie karibu. Mara tatu, kisha urudi ulikotoka. Nyumba ya mtu haiingiwi kama choo cha sokoni." Chiriku alilishika somo hilo kuliko yote. Hata akitoka kucheza alipiga hodi kwao wenyewe, akasimama kizingitini anacheka, mpaka mmoja wao aseme karibu.

Jioni ile Antena alimwambia mkewe habari ya mshonaji. Walikaa jikoni, sauti chini.

"Labda alisikia dirishani," alisema Antena.

"Nyumba tatu, Baba Chiriku? Na cherehani inalia?"

"Sasa unataka niseme nini?"

"Nataka useme kama ile sehemu uliyoingia uliuliza kwanza kama ina mwenyewe."

Chumbani Chiriku alikuwa amelala, na usingizini alikuwa anamwambia mtu fulani, kwa sauti ya kikongwe wa nyumba ya mwisho, kwamba uji umeungua tena.

Mzaha mzaha, hutumbua usaha. Siku za kwanza ulikuwa mzaha kweli. Mtoto angekuwa anachora, mara anatangaza bei ya mchele, mara anamwomba mpenzi msamaha, mara anamwambia kaka wa mtu kwamba mazishi ni kesho. Majirani walianza kutazamana vibaya, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayetoa siri. Kisha maneno ya watu yakazidi, na maneno ya Chiriku mwenyewe yakapungua, kama mtungi unaojazwa maji mengine huku yake yakivuja. Mama yake ndiye aliyeona. Usiku mmoja alimfunika shuka, akangoja lile swali la mwisho, na swali halikuja. Alikaa ukingoni mwa kitanda akimshika mwanawe kisigino, na akalia bila kutoa sauti.

Kesho yake alikuwa anamwogesha, na maji yalikuwa ya vuguvugu, na mtoto alikuwa ametulia kuliko anavyotulia mtoto yeyote kwenye beseni, ndipo kinywa chake kikafunguka na kutoa sauti ambayo haikuwa ya mshonaji wala ya kikongwe wala ya mtu yeyote wa mtaa ule, sauti kavu, isiyopanda wala kushuka.

"Nipo," ilisema. Ikangoja kidogo. "Nipo." Ikangoja vilevile. "Nipo."

"Nani yupo?" mama alinong'ona, na ile harufu ya waya na vumbi ikajaa bafuni hadi akaionja ulimini.

"Nipo."

Antena alikimbilia juu akalizima sanduku la nyumba yake. Alishuka anatweta, akamkuta Chiriku bado anasema, ila sasa alikuwa amegeuza uso upande wa nyumba ya jirani. Masanduku mengine yalikuwa yameshatafuta njia ya kuzunguka. Yalifanya kama alivyoyafundisha.

Mama Chiriku hakumwomba ruhusa. Alitoka na kanga begani, akarudi mchana na mganga. Alikuwa mtu wa makamo mwenye suruali iliyopigwa pasi na kikohozi kisichoisha, na njia nzima alikuwa akitania, akisema majini wa siku hizi wamekuwa wavivu, wanataka kupelekwa kwa gari. Alipofika kizingitini akanyamaza. Hakuvuka.

"Hapa hakuna kilichoingia," alisema taratibu. "Hapa pamekuwa njia."

Wakamtolea kigoda, akakaa mlangoni, na Chiriku akaketishwa mkekani mbele yake. Kandambili za mtoto zilikuwa kando ya mlango, ile ya kushoto mshipi wake umefungwa kwa kipande cha waya na baba yake, ndiyo maana ukimsikia anatembea ilikuwa tapu, shwaa, tapu, shwaa. Mganga alizitazama kwa muda, akazipanga vizuri, kisha akauliza kwa sauti ya chini.

"Wewe ni nani, uliyemwingia mtoto wa watu bila hodi?"

Chiriku akageuza kichwa. Hakumtazama mganga. Alimtazama baba yake.

"Mimi nilikuwa kwangu," ilisema ile sauti. "Kila walipokuja walisikiliza. Nikawaambia nipo. Wakaondoka kwa adabu. Huyu akawaziba masikio, wakaingia. Sasa kwangu ni barabara. Wanapita mchana na usiku, na uji wao, na suruali zao, na misiba yao. Nani aliyeingia bila hodi?"

Antena alipiga magoti pale pale sakafuni. "Nimekosa, mwenyewe," alisema. "Sikujua. Tutahama. Leo hii, kila sanduku, tutahama."

"Hameni."

"Na mwanangu?"

Ile sauti ilingoja kama ilivyozoea kungoja. "Nimechoka kusema nipo peke yangu," ilisema. "Huyu hachoki kusema."

Mganga aliinuka haraka kuliko kikohozi chake kilivyoruhusu, akamvuta Antena nje, na mama akafuata.

"Sikilizeni. Sauti ya mtoto imeshatoka. Iliyomo siyo yake. Yake inazunguka kwenye hizo njia zenu za paa, haijui pa kushukia. Mtoto ana adabu ya mlangoni?"

"Anayo," alisema Antena. "Nimemfundisha mimi."

"Basi itakuja kupiga hodi kwao. Zimeni kila kitu, isibaki njia ya kuipitisha pengine. Ikija, mmoja wenu aikaribishe, kwa kinywa chake mwenyewe. Haitaona mikono yenu, itasikia tu. Ikipiga hodi ya tatu bila kujibiwa, msiingojee tena."

"Wewe unakwenda wapi?" mama alimuuliza, maana alikuwa ameshafika barabarani.

"Dada yangu," alisema mganga, "mimi nina watoto." Akaenda zake, na hakukohoa mpaka alipopotea kwenye kona.

Penye wengi hapaharibiki neno. Antena aliwaita majirani akawaambia yote, hata ile dakika aliyoifuta, na hakuna aliyemtukana, jambo lililomuumiza zaidi. Mshonaji alipanda paa lake mwenyewe. Kikongwe wa nyumba ya mwisho, asiyeweza kupanda, alichukua ufagio akaupiga waya wa sanduku lake mpaka ukakatika. Paa kwa paa taa ndogo za masanduku zilizimika, na la kilimani lilizimwa na mama Chiriku mwenyewe, kisha akateremka mbio na waya wake umezungushwa mkononi. Walipoingia ndani Chiriku alikuwa amefumba mdomo. Sauti kavu ilikuwa imemwacha. Alikuwa amekaa mkekani miguu mitupu, anautazama mlango kama mtoto anayengoja wageni, na mama yake akathubutu kutabasamu.

"Imefanya kazi," alisema.

"Bado hajaja," alisema Antena, lakini naye alitabasamu, na wakashikana mikono, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya kwa muda mrefu.

Giza lilikuwa linaanza kuingia pembeni mwa chumba walipoisikia harufu, ya waya na ya vumbi la mvua, na baada ya harufu zikaja hatua kutoka uchochoroni, ndogo, zisizo na haraka, tapu, shwaa, tapu, shwaa, na wote wawili wakazitazama zile kandambili zilizokuwa bado kando ya mlango kwa ndani, zimepangwa vizuri kama mganga alivyoziacha, na hatua zikaendelea kuja mpaka zikasimama nje ya mlango.

"Hodi," ilisema sauti ya Chiriku.

Mkekani, Chiriku hakusogeza midomo.

Mama alikuwa wa kwanza. Alifungua kinywa chake kwa nguvu ya mapenzi yote aliyokuwa nayo duniani, na kilichotoka ni sauti ya mshonaji ikiuliza, "Nani kachukua mkasi wangu?" Akajipiga kiganja mdomoni. Antena akavuta pumzi, akaliweka neno karibu mbele ya ulimi akiwa na uhakika nalo, akalitamka, na akajisikia anasema kwa sauti ya kikongwe, "Uji umeungua tena, njooni muuone," na ndipo alipoelewa kwamba masanduku yote yalikuwa yamezimwa na maneno ya watu yalikuwa bado yanapita, kwamba njia zilipofungwa juu ya mapaa zilitafutwa nyingine chini yake, kinywa kwa kinywa, nyumba kwa nyumba, na kwamba ni yeye aliyekuwa akijigamba kwamba mtandao wake haufi.

"Hodi?" ilisema sauti nje, safari hii ikicheka kidogo, kama alivyokuwa akicheka akijua wapo wanamchezea.

Antena aliurukia mlango akaufungua wote, na nje hapakuwa na mtu, palikuwa na hewa ya uvuguvugu tu kwenye kimo cha kiuno chake, naye akapunga mikono, akapiga magoti, akaikumbatia hewa ile na kuivuta ndani, lakini sauti haina macho, na mtoto aliyefundishwa asiingie hata mlango ukiwa wazi hakuingia, na nyuma yake mama alikuwa akijaribu na kujaribu, akitoa bei ya mchele, akitoa habari za mazishi, akitoa ahadi za mwanamume fulani kwa mwanamke fulani, machozi yakimwingia kwenye kinywa kisichokuwa chake tena, na Antena akajaribu kwa mara ya mwisho, polepole, silabi kwa silabi, akajisikia anahesabu vifungo vya shati.

"Hodi, baba?" ilisema sauti, na sasa haikucheka.

Ndipo kutoka juu ya paa, mahali sanduku lilipokuwa bila umeme na bila waya, ikasikika sauti ya Antena mwenyewe, yenye ule upole wa jioni ambao hakuna aliyewahi kuusikia ila watu wa nyumba ile.

"Karibu, mwanangu," ilisema. "Karibu sana. Pita huku juu."

Hatua ziligeuka kwa furaha. Zilipanda ngazi iliyoegemezwa ukutani, kipago kwa kipago, zikakanyaga bati juu ya vichwa vyao, zikaruka paa la jirani, na la mshonaji, na lile linalofuata, tapu, shwaa, zikipanda kuelekea kilimani, na sauti ya Chiriku ilikuwa inasimulia, inauliza, inasimulia, bila kupumua, na sauti ya baba yake ilikuwa inamjibu. Wakasikiliza mpaka zikafifia, na baada ya hapo wakaendelea kusikiliza.

Harufu ikaondoka. Kitu kikaachia koo la Antena.

"Karibu," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, safi kabisa.

Mkewe akamtazama. Mkekani Chiriku naye alimtazama, kama mtu anavyomtazama mgeni anayesema lugha asiyoijua.

Masanduku yalirudishwa, kwenye chaneli zile za zamani, na mtandao unakwenda kwa magongo na hakuna anayelalamika. Watu husema maneno yao wenyewe. Antena ameirudisha ile dakika ya kusikiliza kwenye kila sanduku. Na kila jioni, ingawa mkewe amemsihi aache, huliweka la paa lake kwenye chaneli tupu, akakaa mbele ya kompyuta na mtoto pajani, na wote watatu hukaa kimya wakati sanduku linasikiliza. Haijapata kutokea likakaa humo. Dakika ikiisha hutokea mstari mmoja wa maandishi, kwamba chaneli hii ina mwenyewe, tafuta nyingine.

"Yupo," husema Antena.

Kisha mama humnawisha Chiriku miguu, humlaza, humfunika shuka, na hukaa kidogo ukingoni mwa kitanda kwa mazoea, ingawa hakuna anayeuliza tena kwa nini samaki hawafumbi macho.